Kuvuka Mpaka kwa Pikipiki Zilizosanifiwa Upya: Mambo ya Kujua Kabla ya Safari ya Kundi

Asubuhi moja ya msimu wa kiangazi, vijana saba wa Kamembe walifika ofisini kwetu wakiwa wameshika kofia zao ngumu mikononi. Kwa kawaida watu wanaokuja kituoni kwa kundi namna hiyo huwa wameleta ugomvi au habari ya ajali. Hao hawakuwa na lolote kati ya hayo. Walikuwa wamealikwa nchini Uganda, kwenye mkutano wa waendesha pikipiki ambapo kila mmoja huonyesha chombo alichokisanifu upya kwa mikono yake, na walitaka kujua sheria inasemaje kabla hawajaanza kuchanga fedha za mafuta.

Sita kati yao walikuwa na pikipiki za kawaida zilizopambwa: rangi mpya, viti vilivyoshonwa upya, vishikio vya usukani vilivyobadilishwa. Wa saba alikuwa fundi. Chombo chake kilikuwa kimetengenezwa kutokana na pikipiki tatu zilizokwisha kufa, kazi iliyomchukua karibu mwaka mzima wa jioni zake. Yeye ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko yote: “Afande, injini ni ya moja, fremu ni ya nyingine, na tangi ni la ya tatu. Nikifika mpakani nitasema hii ni pikipiki ipi?”

Swali hilo lilistahili jibu refu kuliko lile tulilompa siku hiyo. Kwa kuwa wilaya yetu ya Rusizi iko mpakani, na vijana wanaopenda safari za pikipiki wanazidi kuongezeka, tumeona ni vema jibu hilo liandikwe hapa ili liwafae wengi.

Asili ya mikutano hii

Si vibaya kuanza kwa kusema wazi kwamba kusanifu pikipiki upya si uhalifu, na kukusanyika kuzitazama si uhuni. Ni ufundi wenye historia. Nchini Marekani, mkutano wa Daytona ulianza mwaka 1937 na ule wa Sturgis, katika jimbo la South Dakota, ulianza mwaka 1938. Yote miwili ilianza kwa mashindano ya mbio na hadi leo huvuta umati mkubwa kila mwaka. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waendeshaji wengi wa huko walianza kuondoa vipande vizito vya pikipiki zao na kurefusha uma wa mbele, na hapo ukazaliwa mtindo mpya. Pikipiki mashuhuri kuliko zote za mtindo huo, zilizoonekana katika filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969, zilitengenezwa na mafundi Wamarekani weusi, Ben Hardy na Cliff Vaughs, ambao kwa miaka mingi majina yao hayakutajwa.

Nasi katika ukanda wetu hatujawa watazamaji tu. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Kivu ya Kaskazini inayobeba magunia ya viazi na makaa, ni usanifu wa mafundi wa hapa hapa, na mjini Goma imejengewa sanamu. Mwaka 2006 hapa Rwanda yalifanyika mashindano ya baiskeli za mbao na za kawaida, ambayo yalichangia kuzaliwa kwa timu ya taifa ya mbio za baiskeli. Hata jina bodaboda linatokana na mpaka: waendesha baiskeli wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, walikuwa wakiwavusha abiria na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Kwa hiyo safari ya kuvuka mpaka kwa magurudumu mawili ni jambo la kale kwetu. Kinachohitajika ni kulifanya kwa utaratibu.

Pikipiki hujulikana kwa namba zake

Turudi kwenye swali la fundi. Mbele ya sheria, pikipiki haitambuliwi kwa rangi yake wala kwa jina lililoandikwa kwenye tangi. Hutambuliwa kwa namba iliyogongwa kwenye fremu na namba iliyogongwa kwenye injini, ambazo zote mbili zinapaswa kulingana na zile zilizo kwenye kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda. Fremu ndiyo mwili wa pikipiki; kamba ya ukoo wake inafungwa hapo. Injini inaweza kubadilishwa kwa halali, lakini mabadiliko hayo hayana budi kuandikishwa.

Watu hudhani kwamba afisa wa mpakani anayeinama na tochi kusoma namba hizo anatafuta kisingizio cha kumsumbua msafiri. Sivyo. Pikipiki ni miongoni mwa vyombo vinavyoibiwa na kuvushwa mipaka kwa urahisi, kisha hufunguliwa na kuuzwa vipande vipande. Ndiyo sababu polisi wa nchi za Afrika Mashariki hushirikiana kupitia umoja wa wakuu wao, EAPCCO, ulioanzishwa Kampala mwaka 1998, na ndiyo sababu Interpol inatunza kumbukumbu za vyombo vilivyoibiwa ambazo nchi wanachama huzitazama. Namba iliyokwaruzwa, iliyopigwa rangi nzito hadi isisomeke, au isiyolingana na kadi, humpa afisa sababu ya haki ya kukizuia chombo mpaka ukweli ujulikane. Na ukweli huo unaweza kuchukua siku nyingi, huku mwenye chombo akiwa ugenini.

Kwa hiyo tulimwambia fundi yule mambo manne. Kwanza, atafute hati za ununuzi wa pikipiki zote tatu, au maandishi ya waliomuuzia, yenye majina, tarehe na namba. Pili, aende kwenye ofisi ya mapato kuomba injini aliyoiweka iandikishwe kwenye kadi ya ile fremu. Tatu, asikate wala kuchomelea mahali palipogongwa namba, na aondoe rangi juu yake ili isomeke. Nne, asianze safari kabla kadi mpya haijatoka. Alikunja uso aliposikia la nne, kwa maana mkutano ulikuwa umebakiza majuma machache tu.

Kadi tatu za njano

Msafiri wa Rwanda anayeambiwa “usisahau kadi ya njano” ana haki ya kuuliza: ipi? Ziko tatu, na kuchanganya moja na nyingine kumewarudisha watu nyumbani.

Ya kwanza ni hiyo kadi ya usajili wa chombo, ambayo kwetu huitwa kadi ya njano tangu zamani. Inaonyesha mwenye chombo ni nani. Ikiwa pikipiki ni ya mtu mwingine, ya ushirika, au bado ina mkopo, msafiri abebe barua ya idhini ya mwenye mali iliyothibitishwa na mthibitishaji wa serikali. Pikipiki nyingi za vijana wetu zimenunuliwa kwa mkopo, na hili husahaulika mara nyingi.

Ya pili ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima. Mpango huu ulianza kufanya kazi mwaka 1987. Bima yako ya Rwanda, peke yake, haivuki mpaka pamoja nawe. Kadi hii, unayoipata kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka, ndiyo inayokutambulisha katika nchi unakokwenda kama mtu mwenye bima ya lazima. Inatambuliwa Uganda, Kenya, Burundi na Kongo, na vilevile Tanzania, ingawa Tanzania si mwanachama wa COMESA. Lakini ielewe vema: msingi wake ni kulipia madhara utakayomsababishia mtu mwingine. Usidhani kwamba pikipiki yako mwenyewe ikiharibika italipwa. Muulize wakala akueleze kilichomo na kisichokuwamo, na usiridhike na jibu la “usijali”.

Ya tatu ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kijitabu kinachotolewa na kituo cha afya kilichoidhinishwa. Chanjo huchukua siku kumi kabla cheti hakijahesabiwa kuwa halali, hivyo anayechanjwa usiku wa kuamkia safari amechelewa.

Pamoja na hizo, beba leseni ya udereva yenye daraja A, ambalo ni la pikipiki. Leseni ya gari dogo haitoshi, na kibali cha muda cha mwanafunzi hakivuki mpaka. Kuhusu hati ya mtu binafsi, raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wamekuwa wakivuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Kwa Tanzania jitayarishe kwa pasipoti au hati nyingine ya kusafiria. Mpakani, chombo chako kitaandikwa na forodha kuwa kimeingia kwa muda. Tazama tarehe uliyopewa, na urudi kabla haijapita.

Mabadiliko yanayopamba na mabadiliko yanayoua

Afisa wa usalama barabarani haangalii uzuri. Anauliza maswali machache: je, chombo hiki kinaona, kinaonekana, kinasimama, na kinasikika kwa kiasi? Mapambo yasiyogusa mambo hayo manne hayana tatizo, ila ikiwa umebadilisha rangi iliyoandikwa kwenye kadi, uandikishe rangi mpya.

Yako mabadiliko, hata hivyo, ambayo hubadilisha tabia ya chombo. Kurefusha uma wa mbele na kuulaza huifanya pikipiki itulie kwenye barabara iliyonyooka, lakini huifanya iwe nzito kugeuza na kuhitaji nafasi pana katika kona. Barabara zetu si za South Dakota. Mtu anayetoka Rusizi hana njia ya kufika Kigali isiyo na kona, awe amepita Nyungwe au kandokando ya Ziwa Kivu. Kuondoa breki ya mbele ili gurudumu lionekane jembamba ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa wakati wa kufunga breki uzito wa chombo huelemea mbele, na hapo ndipo nguvu kubwa ya kusimama inapopatikana.

Kukata fremu na kuichomelea upya bila ujuzi wa vyuma ni kujitengenezea jeneza la rangi nzuri. Mshono mbaya huweza kushika miezi sita na kuachia siku ya saba, ukiwa mteremkoni na mwenzako amekaa nyuma. Bomba la moshi lililoondolewa kizuia sauti huwasumbua wagonjwa, watoto na wazee, na ni kosa popote utakapokwenda katika ukanda huu. Taa za buluu zinazomweka ni za vyombo vya dharura. Namba ya usajili iliyokunjwa chini ya kiti kwa sababu inaharibu mwonekano itakufanya usimamishwe katika kila kizuizi.

Na kuhusu kofia ngumu, isiwe pambo. Utafiti uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi ulimwenguni umeonyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takribani asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo ni ya kofia nzima iliyofungwa kidevuni. Kofia iliyoanguka na kupasuka, kisha ikapakwa rangi, haina tena kazi hiyo.

Ukifika kwa wenye chongo

Wahenga walisema: ukifika kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hakuna mahali ambapo methali hii ina maana halisi kuliko pale Gatuna na Rusumo. Rwanda, Burundi na Kongo, zilizokuwa chini ya Ubelgiji, huendesha upande wa kulia. Uganda, Kenya na Tanzania, zilizokuwa chini ya Uingereza, huendesha upande wa kushoto. Ukivuka daraja la Rusumo kwenda Tanzania au ukitoka Gatuna kwenda Kabale, kila kitu ulichokizoea kinageuka kama shati lililovaliwa nje ndani.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa katika kikosi cha usalama barabarani, niliitwa kwenye ajali ya kijana aliyekuwa amerejea kutoka safari ya majuma mawili ng'ambo ya mpaka. Hakuangukia mpakani. Alivuka salama, akalala, na asubuhi akatoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu. Akashika upande wa kushoto, kama alivyozoea kwa majuma mawili, na hakuna gari lililopita kumkumbusha, mpaka lilipotokea lori kwenye kona. Hakuwa mlevi wala hakuwa na mwendo mkali. Leseni yake ilikuwa mfukoni, safi. Mimi ndiye niliyempigia simu mama yake, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilieleza jambo hili kwa kila anayenisikiliza.

Funzo lake ni kwamba hatari haipo mpakani penyewe, ambako kila mtu yuko macho na vibao vimejaa. Hatari ipo baadaye: asubuhi ya pili, unapotoka kituo cha mafuta, nyumba ya wageni au njia ya vumbi, barabara ikiwa tupu na akili ikiwa bado usingizini. Ipo pia unaporudi nyumbani, kwa sababu ukifika kwenu huogopi tena.

Haya ndiyo yanayobadilika. Rwanda, unapoingia barabarani, gari la kwanza kukufikia linatoka kushoto kwako. Uganda linatoka kulia. Katika mzunguko, kwetu magari huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Uganda huzunguka kama mshale wa saa. Kwetu unampita mwenzako kwa kushoto kwake. Kule kwa kulia kwake. Hata taa yako inaweza kuwa adui: taa nyingi za mbele hutengenezwa ili mwanga wa chini uelekee ukingo wa barabara wa upande unaoendeshwa, hivyo taa ya nchi ya kulia huweza kummulika machoni anayekuja katika nchi ya kushoto. Ishushe kidogo, na zaidi ya yote usiendeshe usiku.

Dawa tunayoipendekeza ni rahisi. Kata kipande cha utepe mwekundu na ukibandike kwenye mkono wa usukani wa upande unaopaswa kuwa karibu na ukingo wa barabara. Kihamishe kila unapovuka. Na kila kundi linapotoka mahali liliposimama, kiongozi atamke kwa sauti, “Kushoto!” au “Kulia!”, na wote waitikie kabla injini hazijawashwa. Vijana watacheka mara ya kwanza. Waache wacheke.

Kundi liende kama mwili mmoja

Mwaka 2007, waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman waliendesha pikipiki kutoka Scotland hadi Afrika Kusini, wakapita hapa Rwanda. Walikuwa na magari ya msaada, daktari, na watu waliopanga vibali kwa miezi mingi. Zaidi ya miaka 70 kabla yao, mnamo Desemba 1934, wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela, wakavuka Sahara, na kufika Cape Town mwezi Julai 1935. Hawa hawakuwa na msafara wa magari nyuma yao. Walikuwa na ufundi wa injini na subira. Kundi la vijana wa Kamembe linafanana zaidi na wanawake hawa wawili, na linapaswa kujifunza kwao: anayekwenda bila msaada nyuma yake hana budi kujua chombo chake na kutokuwa na haraka.

Kundi liwe na kiongozi wa mbele na mfunga msafara wa nyuma, wote wawili wazoefu. Mwendeshaji dhaifu kuliko wote akae wa pili, nyuma ya kiongozi, wala si mwisho. Anayewekwa mwisho hulazimika kukimbia ili asiachwe, na ajali nyingi za makundi huanzia hapo. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule dhaifu. Vivyo hivyo, umbali kati ya vituo vya mafuta hupangwa kwa tangi dogo kuliko yote, si kwa tangi la kiongozi.

Kwenye barabara iliyonyooka, mjipange kwa kupishana: mmoja upande huu wa njia yenu, anayefuata upande wa pili, kukiwa na sekunde moja kati ya wanaofuatana na sekunde mbili kati ya wale walio mstari mmoja. Kiongozi hukaa karibu na mstari wa katikati. Kwa hiyo nchini Rwanda atakuwa kushoto mwa njia, na Uganda kulia. Mkifika kwenye kona, ukungu au barabara nyembamba, ingieni mstari mmoja wa sekunde mbili. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, chombo husafiri karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde mbili ni kama mita 33. Pikipiki saba katika mstari mmoja, basi, huchukua karibu mita 200. Hakuna basi linaloweza kuwapita wote kwa mara moja katika barabara zetu bila kuhatarisha maisha. Gawanyikeni makundi mawili, na kati yake acheni nafasi ambayo gari linaweza kuingia.

Kila mmoja ampite mwenye gari kwa uamuzi wake. Kufuata mwenzako kwa upofu kwa kuwa yeye amepita ni kumkopa macho, na deni hilo hulipwa kwa mifupa. Mkipotezana, kila mmoja asimame kwenye njia panda mpaka aone taa ya aliye nyuma yake. Kwa utaratibu huo hakuna atakayepotea hata simu zikizimika. Pumzikeni kila baada ya saa moja na nusu. Na pombe isiguswe mpaka funguo za siku hiyo ziwe zimekusanywa.

Tangu Nyungwe hadi mpakani

Kwa msafiri wa Rusizi anayepita Huye, mtihani wa kwanza uko nyumbani. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Bugarama, bonde la chini kuliko yote nchini, liko kama mita 950. Kutoka hapo barabara hupanda ndani ya msitu wa Nyungwe, uliotangazwa kuwa Urithi wa Dunia mwezi Septemba 2023, hadi juu ya mita 2,400 karibu na Uwinka. Injini ya kabureta iliyorekebishwa kwenye joto la Bugarama itakohoa huko juu, kwa kuwa hewa ni nyepesi na mafuta huwa mengi kuliko hewa. Baridi na ukungu hukufa ganzi vidole vinavyoshika breki. Nyani hukaa barabarani bila kuogopa honi, na malori yaliyopakia hushuka kwa gia nzito. Jazeni mafuta Kamembe, vaeni koti na glovu kabla ya kuingia msituni, washeni taa, na msimpe nyani chakula.

Kila kundi libebe mfuko mmoja wa ufundi: spana, vifaa vya kuziba tairi na pampu, plagi, balbu, fyuzi, waya, kiungo cha mnyororo na waya wa klachi. Libebe pia mfuko wa huduma ya kwanza, na angalau watu wawili wanaojua kuutumia. Mtu aliyeanguka asivuliwe kofia kwa pupa, wala asibebwe juu ya pikipiki nyingine, isipokuwa kumwacha hapo ni hatari kubwa zaidi.

Kabla ya kuondoka, ulizeni hali ya mpaka. Wakazi wa Rusizi hawahitaji kukumbushwa kwamba mipaka hufunguliwa na kufungwa: Gatuna ilifungwa Februari 2019 ikafunguliwa mwishoni mwa Januari 2022, na Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Upande wa Kongo nao hali ya usalama hubadilika. Msitegemee habari ya mwaka jana. Acheni pia nakala ya majina, namba za pikipiki, njia na tarehe ya kurudi kwa familia zenu, na mkipenda mtuachie sisi vilevile. Siyo ili tuwachunge; ni ili siku ya shida tujue pa kuanzia.

Rwanda, namba ya dharura ni 112, na ya ajali za barabarani ni 113. Namba 112 hutumika pia Uganda, Kenya na Tanzania. Ikiwa afisa wa polisi wa Rwanda amekutendea isivyo haki, piga 3511; namba hiyo ni yako kama zilivyo nyingine. Kampeni yetu ya Gerayo Amahoro, iliyoanza mwaka 2019, ina maana ya “fika salama”, na salamu hiyo haiishii kwenye mpaka wa nchi.

Wale vijana saba, kadi ya fundi haikutoka kwa wakati. Tulidhani wenzake sita wangeondoka bila yeye, na tusingewalaumu. Hawakwenda. Walikuja kutuambia kwamba wameahirisha mpaka mkutano mwingine, na katika kusubiri wamekuwa wakikutana kila Jumapili alasiri kujizoeza kupanga msafara, tukiwapa afisa mmoja wa kuwaelekeza. Fundi alikuja juzi na kadi yake mpya, namba ya injini ikiwa imeandikwa mahali pake. Anayetaka kujiunga nao, au mwenye swali kuhusu chombo alichokisanifu, afike ofisini kwetu akiwa na hati alizonazo, hata kama ana wasiwasi nazo. Ni heri wasiwasi huo tuutatue hapa Kamembe kuliko kuusubiri ukutane naye Gatuna.